Katamarani ya mwendo kasi au boti ya V: ipi inakufaa?

Mwaka 1985 Richard Branson, mfanyabiashara wa Uingereza, aliingia Atlantiki na katamarani, yaani boti ya mabodi mawili, iliyoitwa Virgin Atlantic Challenger, akiwinda rekodi ya kuvuka bahari hiyo. Akiwa amekaribia visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza, boti iligonga kitu kilichokuwa kikielea, ikatoboka na kuzama. Mwaka uliofuata alirudi na boti nyingine, safari hii ya bodi moja (bodi ni kiwiliwili cha boti kinachokaa majini) lenye umbo la V, akavuka kwa siku 3, saa 8 na dakika 31. Hizo ni saa mbili na ushei pungufu ya muda uliowekwa na meli SS United States mwaka 1952. Ukifunga kitabu hapo, utasema V imeshinda. Lakini mwaka 1990 feri ya katamarani, Hoverspeed Great Britain, ilivuka kwa siku 3, saa 7 na dakika 54. Na mwaka 1992 Destriero, chombo cha bodi moja, kikavuka kwa saa 58 na dakika 34.

Kila upande wa ubishi huu una mwaka wake wa kujivunia. Ndiyo maana ukiwauliza wenye boti ipi bora, utajibiwa kwa kelele, kila mmoja akitetea aliyonunua. Swali ninalopenda kumuuliza mtu aliyekwama kati ya hizi mbili ni jingine: katika kila saa kumi utakazokaa majini, ngapi utakuwa unakimbia kwelikweli? Jibu lake litakusaidia kuchagua kuliko jedwali lolote la kasi.

Tunalinganisha nini, na kwa vipimo gani

Ninaposema katamarani hapa, nina maana ya boti ya mwendo kasi yenye mabodi mawili membamba na handaki la hewa katikati, kama zinazoundwa na Skater, MTI au Mystic. Sizungumzii zile katamarani za uvuvi na matembezi, ambazo zimeundwa kwa mwendo wa wastani na zina tabia zake nyingine kabisa. Watu wengi husoma sifa za moja na kudhani ni za nyingine, kisha wananunua wasichokitaka. Neno lenyewe ni la Kitamil, kattumaram, yaani magogo yaliyofungwa pamoja, na limebebeshwa vyombo vingi visivyofanana.

Boti ya V ni ya bodi moja ambalo tumbo lake limechongoka kama herufi hiyo, kutoka omo hadi tezi. Katika V ya kina, mteremko wa tumbo pale nyuma kabisa hufika takriban nyuzi 24. Mchoraji wa boti Ray Hunt ndiye aliyelipa umbo hilo sura tunayoijua, na mwaka 1960 boti ya Moppie, yenye tumbo la namna hiyo, ilishinda mashindano ya Miami hadi Nassau bahari ikiwa imechafuka vibaya. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kushawishiwa tena kuhusu V kwenye mawimbi.

Vipimo vyangu ni sita: kasi, utulivu kwenye mawimbi, kona, kinachotokea mambo yakiharibika, maisha ya gatini na ndani ya boti, na gharama. Havina uzito sawa. Kipimo cha pili na cha nne ndivyo vinavyowajutisha watu, kwa hiyo humo nitakaa zaidi.

Kasi

Hapa katamarani inaongoza, na sababu yake ni ya kimaumbile. Boti inapokimbia, hewa huingia kwenye handaki, hubanwa, na kuinua sehemu ya uzito wa boti. Kadiri inavyoinuliwa ndivyo eneo linaloguswa na maji linavyopungua, na maji ndiyo yanayokula nguvu ya injini. Kwa injini zilezile na uzito uleule, katamarani huipita V. Mwaka 2014, kwenye mashindano ya Lake of the Ozarks huko Marekani, katamarani ya Mystic iliyoitwa Spirit of Qatar ilifika maili 244 kwa saa, kama kilomita 393. Mwaka huohuo boti ya V ya Outerlimits iliweka rekodi ya zaidi kidogo ya maili 180, yaani kilomita 290 hivi. Pengo hilo linajieleza.

V nayo haijakaa bure. Bodi la vidaraja, lenye mikato inayokata tumbo kwa upana, huvuta hewa chini ya boti na kupunguza msuguano. V ya vidaraja iliyoundwa vizuri hukimbia mbali zaidi kwa mafuta yaleyale kuliko ile ya zamani yenye tumbo tupu.

Sasa rudi kwenye lile swali la saa kumi. Handaki halifanyi kazi ya bure. Katika katamarani nyingi za aina hii, hewa haibebi uzito wa maana mpaka boti ipite kilomita 80 au hata 100 kwa saa. Chini ya hapo unaburuza mabodi mawili, kila moja na msuguano wake, na faida ya mafuta inayeyuka. Mtu anayetembea kilomita 50 kwa saa siku nzima, kwa sababu amebeba watoto au kwa sababu anapopita boti ni nyingi, analipia handaki ambalo linafanya kazi dakika chache kwa siku.

Mawimbi

Watu wa V watakuambia V hukata wimbi. Ni kweli, na hukata kwa mwendo wowote. Omo linaingia kwenye wimbi kama kisu, mteremko wa tumbo unayasukuma maji pembeni, na boti inatua taratibu badala ya kupiga. Bahari ikikataa kabisa, unapunguza hadi kilomita 30 kwa saa na unaendelea kwenda nyumbani. Huna raha, lakini unakwenda. Hii ndiyo sifa kubwa ya V na haionekani kwenye siku ya majaribio, kwa kuwa muuzaji hakuiti siku ya upepo.

Udhaifu wake ni mbavu. V inapenda kutua wima juu ya mkuku wake, yaani uti wa chini ya tumbo. Ikiruka wimbi huku imelala upande mmoja, pengine kwa sababu ya upepo au abiria wote wamekaa kushoto, inatua kwa bapa la ubavu, na hapo unasikia kishindo kwenye meno. Vibapa vya trimu, vile vya nyuma vinavyoinua au kushusha upande mmoja wa boti, huinyoosha, na dereva mzoefu anavigusa kila baada ya dakika kadhaa bila hata kufikiri. V ikisimama kuelea, inayumba. Kama una mgeni anayetapika haraka, utamjua ukizima injini kabla hata hujatoka kwenye mlango wa bandari.

Katamarani ni hadithi mbili tofauti, na mstari unaozitenga ni urefu wa mawimbi ukilinganishwa na kimo cha handaki. Mawimbi yakiwa mafupi na ya karibukaribu, katamarani ikiwa kwenye kasi yake hupita juu ya vichwa vya mawimbi, imebebwa na mto wa hewa, na utulivu wake unashangaza. Mara ya kwanza nilipokaa ndani ya moja, maji yalikuwa yamekunjamana kwa upepo wa mchana, aina ya maji ambayo kwenye V ningekuwa nimekunja magoti nikisubiri pigo. Chupa ya maji iliyokuwa miguuni kwangu haikuanguka. Nilidhani tunakwenda kilomita 90. Nikachungulia kipima mwendo, kilikuwa kwenye 140.

Hilo lilinifurahisha, kisha likanitisha. V hukuambia ukweli kuhusu kasi yako kupitia uti wa mgongo. Katamarani inakuficha.

Hadithi ya pili inaanza mawimbi yanapofika dari la handaki. Hapo kila wimbi linagonga katikati ya boti, mahali palipo bapa, na hakuna mteremko wa kulitawanya. Handaki hutema maji mbele kama ukungu, kioo kinageuka cheupe, na kwa sekunde moja au mbili dereva haoni kitu. Suluhisho la kawaida la mtu aliyezoea V ni kupunguza mwendo. Kwenye katamarani kupunguza mwendo kunaondoa ile hewa iliyokuwa ikikubeba, boti inashuka, na vipigo vinazidi. Kwa hiyo unabaki kati ya kukimbia kuliko unavyopenda na kutambaa ukipigwa. Katamarani ndefu, za mita 12 na kuendelea, zenye handaki lililoinuka, huliahirisha tatizo hili hadi mawimbi makubwa kweli. Zile fupi hukutana nalo mapema, na mimi ningezifikiria kama boti za maziwa, mito mipana na pwani zenye kinga.

Mawimbi ya nyuma yana mtego kwa zote mbili. V inaweza kuchimba omo kwenye mgongo wa wimbi lililo mbele na kutaka kugeuka yenyewe. Katamarani inaweza kuzamisha bodi moja tu huku jingine likiwa juu, na kwa kasi kubwa huo ni mzunguko wa ghafla.

Kona

V huinama ndani ya kona kama pikipiki, na mwili wako unaelewa kinachotokea. Katamarani hugeuka ikiwa bapa, hivyo abiria anasukumwa nje ya kiti, upande wa ukingo. Dereva mpya anahisi kama boti inakataa. Haikatai, ila inataka uanze kona mapema, kwa duara kubwa, mkono wa usukani ukiwa mtulivu. V ya vidaraja nayo ina jambo lake: ukikata kona kali huku umeachia mafuta ghafla, tezi linaweza kuteleza na kukupita. Aliyetoka kwenye V ya kawaida kwenda ya vidaraja anahitaji kujifunza upya kama aliyehamia katamarani, ingawa wauzaji hawapendi kulisema hilo.

Mambo yakiharibika

Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 100 hadi 140 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa asilimia 40, lakini nguvu inayoinua boti imekaribia kuwa maradufu. Hewa ileile inayoifanya katamarani iwe nyepesi inaweza kuinua omo kupita kiasi, na likishainuka vya kutosha, handaki lote linakuwa bawa. Boti inapinduka kinyumenyume. Kinachoianzisha safari hiyo huwa ni kitu kidogo: wimbi la boti iliyopita, upepo wa mbele uliovuma ghafla, au injini ambazo pembe yake (trimu) imeinuliwa mno na dereva anayetafuta kilomita tano za mwisho.

V pia huruka, na ikitua na omo chini inaweza kujichimbia majini. Kwenye kasi kubwa huanza pia kuyumba kutoka shavu hadi shavu, kushoto, kulia, kila yumbo likizidi lililotangulia, mpaka dereva apunguze mafuta. Tofauti ni kwamba V kwa kawaida hutoa onyo. Ule myumbo unausikia kabla haujawa hatari. Katamarani huwa tulivu hadi sekunde yenyewe, na ndiyo maana katamarani za mashindano siku hizi zina chumba kilichofunikwa kwa kioo kizito, mikanda ya kujifunga na hewa ya kupumulia. Stefano Casiraghi, bingwa wa dunia wakati huo, alifariki mwaka 1990 karibu na Monaco akiendesha katamarani iliyogonga wimbi na kupinduka.

Sisemi haya ili kumtisha mtu asinunue. Katamarani inayoendeshwa chini ya uwezo wake, kwenye maji yanayoifaa, ina msimamo mpana na ni vigumu kuilaza ubavu. Lakini ukinunua boti inayoweza kwenda kilomita 200 kwa saa, tafuta mwalimu kabla ya kutafuta rangi. Kwenye zote mbili, kamba ya kuzimia injini iwe imefungwa mwilini mwako, na jaketi la kujiokolea liwe la kiwango cha kasi hiyo.

Injini moja ikifa, V ya injini mbili zilizokaribiana hurudi nyumbani bila taabu kubwa. Kwenye katamarani injini ziko mbali, moja kila bodi, na ukibaki na moja boti inavuta upande. Unarudi, ila mikono itakuchoka.

Gatini na ndani ya boti

Huo umbali wa injini unageuka neema gatini. Weka moja mbele na nyingine nyuma, katamarani inazunguka papo hapo kama sahani. V ya injini moja kwenye upepo wa pembeni itakufundisha unyenyekevu mbele ya watu. Kwa upande mwingine, katamarani ni pana. Pima nafasi yako ya kuegesha, pima trela, na ulizia upana unaoruhusiwa barabarani kabla ya kulipa hata arubuni.

Ndani, V ina tumbo, kwa hiyo ina pa kuweka vitu: kitanda kidogo omoni, choo, kabati la kamba na nanga. Katamarani ya kasi huwa na viti, na viti vizuri sana, basi. Mabodi yake ni membamba na nafasi kubwa imechukuliwa na injini na matangi ya mafuta. Pia haipendi mizigo. Ongeza watu wawili wanene na sanduku la barafu upande mmoja, na utaona tabia yake imebadilika. V inanung'unika kidogo tu.

Gharama

Vyaelea vimeundwa, na katamarani huundwa kwa jasho zaidi: mabodi mawili, daraja la kuyaunganisha linalobeba mikiki yote, na mara nyingi kaboni badala ya fiberi ya kawaida ili uzito upungue. Kwa urefu uleule tarajia kulipa zaidi. Isitoshe, karibu zote zinadai injini mbili, maana yake mbili za kuhudumia, mafuta ya injini mara mbili, rafadha mbili za kusukuma boti. V inakuruhusu kuanza na injini moja.

Kwenye boti iliyokwishatumika, V huwa na soko pana zaidi, na mafundi wengi wanaijua. Katamarani ikague pale daraja linapokutana na mabodi. Piga kwa nyundo ndogo ya plastiki ukisikiliza. Sauti ikibadilika kutoka kavu hadi ya uvungu, kuna tabaka lililoachana. Kwenye V fanya vivyo hivyo chini ya tumbo, robo ya mbele, na kwenye kingo za vidaraja. Usikubali kuambiwa kwamba ni rangi tu.

Kwa hali yako

Kama maji yako ni ziwa, mto mpana au ghuba iliyokingwa, unatoka na mtu mmoja hadi watatu, na unachotaka ni mwendo mrefu wa kasi kisha kurudi, katamarani itakupa raha ambayo V haiwezi. Hapo saa zako za kukimbia ni nyingi na handaki litajilipia.

Kama unatoka bahari ya wazi, hali ya hewa hubadilika mchana, na lazima urudi hata iwe vipi, V ya kina ndiyo ningeichukua bila kusita. Kasi utakayoikosa asubuhi utaisahau jioni.

Familia yenye watoto, vitu vingi, kuogelea na kulala usiku mmoja: V. Ila kama wanaougua kichefuchefu cha bahari ni wengi kuliko wasiougua, jaribu kwanza ile katamarani ya matembezi niliyoitaja mwanzoni.

Kama hii ni boti yako ya kwanza ya kasi, anza na V ya kawaida, hata kama moyo uko kwa katamarani. Misimu miwili ya kusikia maji kupitia miguu yako itakufaa utakapohama. Na kama tayari una uzoefu na pesa ya katamarani fupi inalingana na ya V ndefu, angalia mawimbi ya siku yako mbaya. Yakifika kiunoni mwa mtu, chukua V.

Mwenye bahari ya wazi ambaye bado anataka katamarani, anunue ndefu au asubiri.

Kabla ya kusaini popote, omba majaribio mawili: moja asubuhi maji yakiwa shwari, jingine alasiri upepo ukishaamka. Safari ya pili, mwambie muuzaji arudi kwa kilomita 40 kwa saa njia nzima, wewe ukiwa umekaa kiti cha nyuma.